Mama Mdogo na Harufu ya Moshi

Mitumba ilipoanza kuzagaa Dodoma, mama yangu mdogo alifungua kibanda sokoni. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane, mcheshi, nami niliishi naye Ipagala baada ya kumaliza shule. Mchana mmoja moto ulizuka kwenye vibanda vya nguo, yeye akiwa ndani anafungua belo la mitumba. Alitolewa mzima, ameungua kiganja tu. Mwenzake wa kibanda cha jirani hakutoka.

Kiganja kilipona. Usingizi haukurudi, na jirani yeyote akiwasha jiko la mkaa, mama mdogo alitoka mbio pekupeku. Nikawa napikia kwa majirani wa mbali, tunakula chakula kilichopoa. Ndugu walikuja kutoka Kondoa wakamsomea dua, wakamnywesha kombe la aya za Kurani. Alitulia kidogo, kisha hali ikarudi ile ile. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba ana jini.

Tulimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili amejifunika ushungi hadi puani, wateja wake wasimtambue. Daktari, kijana mpole, alimpa vidonge. Akaanza kulala, ila moshi bado ulimkimbiza. Ndipo daktari akamwita muuguzi mmoja wa makamo, aliyesomea kuzungumza na wagonjwa.

"Kuzungumza nazungumza kutwa," mama mdogo alimwambia daktari. "Ugonjwa uko kichwani. Maneno yatafanya nini?"

Daktari alivuta kiti. "Ndani ya ubongo, mama, kuna sehemu inayotuonya kukiwa na hatari. Yako iliamka siku ya moto, mpaka leo haijatulia. Kidonge kinaipoza. Lakini ubongo ulijifunza kuogopa, na unaweza kujifunza upya, ukikaa karibu na moshi ukiwa salama na kuyasema yaliyokupata."

"Kwa hiyo maneno yanafika humo ndani?"

"Yanafika."

"Basi si jini."

"Wala si udhaifu wako," muuguzi akasema.

Muuguzi aliwasha jiko mwisho wa uwanja wa hospitali, wakakaa kwenye benchi mbali nalo. Mara ya kwanza mama mdogo alikimbilia getini. Muuguzi alimfuata polepole, akasimama naye mpaka pumzi zikatulia, wakarudi. Kila tulipokwenda, benchi lilisogezwa karibu kidogo. Siku walipofika karibu kiasi cha kuhisi joto, mama mdogo alisema jambo ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia.

"Mwenzangu aliniita. Nilimsikia akiniita, na sikuona njia."

Muuguzi alimshika mkono ule wenye kovu, akamwacha alie.

Vidonge aliendelea navyo muda mrefu, vikipunguzwa taratibu. Sokoni hakurudi tena. Aliuza vitenge barazani, na jioni akapika mwenyewe, mlango ukiwa wazi. Siku zingine alishindwa, nikapika mimi.

Kisha Ijumaa moja aliniomba nimsindikize kwa mama wa yule mwenzake aliyefia motoni. Siku za msiba hakuweza kwenda. Yule bibi alimpokea, akamkalisha mkekani, wakazungumza mpaka adhana ya alasiri.