Matoka ya Uwanja wa Ndege

Mwezi uliopita nilishuka garimoshi Thika, vitabu vya chuo begani, nikaenda moja kwa moja ulipokuwa uwanja wa ndege. Nilikuta kibao cha mpango mpya: mbele maduka, nyuma nyumba za kupanga, katikati soko na kanisa. Vigingi vyekundu vilikuwa vimechomekwa kila mahali. Kibao hakikusema kabla ya ndege palikuwa shamba la nani.

Wewe uliyekulia upande wa Ruiru utazikumbuka ngurumo zile. Wakati wa vita nyanya yangu aliambiwa asogee pembeni, ndege zipate pa kutua, zikiondoka, atarudishiwa. Nani aliahidi? Kwa karatasi gani? Utotoni sikuuliza. Ndege ziliondoka kweli, ikabaki ardhi iliyoshindiliwa, ngumu kama sakafu, na wanawake wakaigeuza kuwa pa kuanikia. Bado nasikia harufu ya mahindi yakikauka kando ya madoa ya oili, na nyanya akipiga maharagwe kwa fimbo huku akinifokea nifukuze mbuzi. Mchana tulikula githeri baridi kwa mikono, tumekaa pale pale magurudumu yalipokuwa yakigusa chini.

Ukingoni ilisalia safu moja ya matoka, maua ya mpaka wetu wa zamani. Kwetu itoka si pambo. Tunguu lake huzikwa mpakani mbele ya majirani, na halichezewi. "Hayo yatasema siku nitakayokosa wa kunisemea," nyanya alizoea kusema.

Kisha mwalimu akatangaza kwamba mgeni mkubwa anakuja shuleni. Kila mtoto alete maua ya kupanda kuzunguka bendera, pamoja na mizizi yake. Nilitaka sifa. Nikachimba safu yote, nikaibeba kwa gunia, safari tatu. Nilipewa penseli.

Sasa, mwezi huo uliopita, karani wa wapimaji alikuwa amekuja na sharti lake: mwenye kuonyesha mpaka wa zamani atapata kiwanja cha duka. Matoka ya jirani yetu yalikuwepo, akaandikwa. Ikafika zamu ya nyanya.

"Mama, alama yako iko wapi?"

"Hapa."

"Hapa naona nyasi."

"Muulize huyu. Alikuwepo tukipanda."

Jirani akakuna kidevu. "Aa, cucu, miaka imepita. Mimi najua yangu tu."

Safu yake, wacha nikuambie, ilikuwa imeingia hatua kumi ndani ya ardhi yetu.

Nikapaza sauti: niliyang'oa mimi, yako shuleni, twende nikuonyeshe! Karani akacheka hadi akafunga daftari.

"Msomi, unataka nipime kiwanja kuanzia kwenye bendera?"

Jirani naye akacheka.

Kwa nini ua liaminiwe kuliko mwanamke aliyelima hapo tangu aolewe? Kwa nini waliomwondoa wasidaiwe alama yoyote? Na mwalimu, mtu wa kwetu, aliyejua vizuri itoka ni nini, alitazamaje magunia matatu yakimwagwa mbele yake akanyamaza?

Nilipomwomba nyanya msamaha, alinikatiza. "Nilijua siku ile ile. Ulirudi na udongo hadi kwenye kope. Nilienda kuyadai, mwalimu wako akaniambia sasa ni ya serikali."

Hakuwahi kunitajia.

Kesho yake nilikwenda shuleni. Yalikuwa yamechanua kuzunguka mlingoti, meupe yenye mistari ya waridi, yakilinda mpaka wa mtu mwingine. Nilichimba moja mchana kweupe, bila kumwomba mtu ruhusa.

Uwanja sasa umefungwa kwa seng'enge. Hakuna anayeanika kitu. Nyanya anapanga chumba kimoja Makongeni, ambako mwenye nyumba hataki mtu achimbe uani. Itoka nililomletea amelipanda ndani ya mkebe wa mafuta, kando ya mlango. Kila asubuhi analisogeza kidogo, lifuate jua.