Shikamoo ya Mtani

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama uani kwa Bwana Mpimaji, pale Morogoro mjini, nimevaa kanzu ya kuazima na kichwani nina Kiingereza nilichofundishwa na mapadri Unguja. Wenye amri walikuwa Wajerumani, lakini huyu alikuwa Mwingereza, kapewa kibali atafute ulanga katika milima yetu ya Uluguru, mawe yale yanayong'aa na kubanduka kama maganda ya kitunguu. Alitaka mkalimani. Nikatamka kwa Kiingereza sentensi moja tu ya kusifu jiwe, akanikatiza.

"Umeanza na jiwe," akasema. "Jiwe linakuja mwisho."

Nyie mnaosoma shule mtacheka, lakini kazi yetu ilikuwa hiyo. Sisi tunataja kitu kwanza, kisha tunakisifu: jiwe zuri sana. Mwingereza hutanguliza kineno kidogo cha kukuambia ni lile mnalolijua, halafu kiasi, halafu sifa, na kitu chenyewe kinafika mwisho kimechoka: lile sana zuri jiwe. Basi mkalimani harukii maneno. Unayashika yote mpaka kitu kitokee, ndipo unafungua mdomo. Na muda wote huo watu wamekukodolea macho, wanadhani unatunga uongo, hata ukiwaeleza kwamba Mzungu husema lile sana zuri jiwe.

Bwana akanipeleka Mgeta, kwetu nilikozaliwa. Huko ndiko upweke ulikonikuta. Nikikaribia, maongezi yanakatika. Alipokuja Bwana wa pili kushika nafasi yake, mkali kuliko wa kwanza, hata moto wa kuota nilikuwa naota peke yangu.

Kwetu maiti huzikwa na watani, watu wa ukoo mnaotaniana nao tangu mababu. Wanachimba kaburi, wanamwigiza marehemu, wanakutukana wewe mfiwa mpaka ucheke na machozi yako. Usiye na mtani, nani atakuzika? Wangu alikuwa Kobelo, rika langu, tuliyetukanana naye tangu tunachunga mbuzi.

Mama alipofariki nilimngoja Kobelo anitukane. Akaja, akachimba, akavua kofia.

"Shikamoo, bwana mkalimani. Pole sana."

Shikamoo! Mtani wangu! Jamani, niliumia siku ile kama nimefiwa mara mbili. Alikuwa ananiogopa, maana mdomo wangu ulikuwa wa wazungu. Nikarudi kambini nikijua kwamba nikifa nitatupwa tu kama mgeni wa njiani.

Miaka ikapita hivyo. Ulanga ulipopungua, Bwana yule wa pili akafunga mahema, akanipa blanketi na mkono wa kwaheri, kazi ikaisha. Nikarudi kulima maharage mlimani, mgongo hautaki, mikono imesahau. Asubuhi moja Kobelo akapita na mzigo wa kuni. Akasimama njiani, akanitazama weee. Nikajiandaa kwa shikamoo nyingine.

"Hebu mtazameni huyu sana mvivu mzee!" akapaza sauti. "Jembe kalishika kama mwiko wa ugali!"

Kumbe miaka yote ile alikuwa ananisikiliza! Mtani hanyamaziwi, nikamjibu.

"Na huyu sana mchafu mwizi anatafuta nini shambani kwangu?"

"Natafuta pa kukuchimbia," akasema, akitua kuni. "Wewe nitakuzika miguu kwanza, kichwa mwisho, kama maneno yako."

Nikakaa chini kwenye tuta nikalia. Kobelo akakaa kando yangu, akaendelea kunitukana.