Fukusi Hamsini Mezani

Miaka tisa alikuwa anahesabu fukusi. Wale wadudu wadogo wanaotoboa mahindi ghalani, ndio hao hao. Alikuwa anajaribu unga wa majani fulani kuona kama unawaua, na kwa miaka tisa jibu likawa lile lile: hauwaui. Kazini wakampachika jina la Mama Fukusi, naye akaliitikia bila kinyongo.

Taasisi yao ilipoamua kutuma watafiti mashuleni kuwatia vijana hamu ya sayansi, yeye akapangiwa shule anayosoma bintiye. Asubuhi hiyo binti hakugusa hata chai.

"Mama, mimi nimeshawaambia darasani umegundua dawa."

"Nani kakwambia nimegundua?"

"Hakuna. Nakuomba tu, usije ukaniaibisha. Wataniita mwongo mpaka namaliza shule."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akaahidi kwamba maneno "haifanyi kazi" hayatatoka kinywani mwake.

Darasani alieleza kazi yake dakika ishirini, na wa nyuma wakapiga miayo bila hata kuziba mdomo. Ndipo akatoa chupa: fukusi hamsini waliokaa wiki mbili kwenye mahindi yenye ule unga. Akawachekecha juu ya sinia jeupe. Wote chali, miguu imekunjwa, kimya.

"Wamekufa!" Darasa likalipuka. Mwalimu mkuu akapiga makofi kuwashinda wanafunzi, akasimama kutoa shukrani. Binti akawa anageuka huku na huku, meno yote nje.

Lo! Mama Fukusi alijua fika kwamba fukusi akishtuliwa hujifanya maiti. Mwache dakika chache, atainuka aende zake. Hapo ilibaki kufunika sinia tu, kila mtu arudi kwake na furaha yake. Mkono ukashika kifuniko. Miaka tisa hajadanganya hesabu hata moja, leo anawadanganya watoto wa watu kwa ajili ya wa kwake.

"Mwalimu, bado." Ni binti. Meno yamesharudi ndani. "Hao wanajifanya. Nyumbani huwa tunasubiri."

Wakasubiri, mwalimu mkuu kasimama na shukrani zake mdomoni. Dakika ya tatu mguu mmoja ukatikisika, kisha wengine, mara sinia zima linatembea.

"Kumbe dawa yenyewe maji!" mmoja akaangua kicheko, na darasa likamfuata.

"Wangapi?" mama akauliza, kama anavyomuuliza msaidizi wake yeyote.

Binti akainama kuhesabu, machozi yakimdondoka mezani. "Arobaini na tisa."

"Na huyo mmoja?"

Akamgusa kwa ncha ya kalamu, akangoja, akamgusa tena. "Huyu amekufa kweli."

"Haya, andika."

Akaandika ubaoni kwa tarakimu kubwa, huku wakimcheka. Mama Fukusi alikuwa akimpenda mtoto huyo tangu azaliwe. Siku hiyo ndipo alipoanza kumheshimu.