Miche ya Mpakani

Juzi, uchaguzi ukiwa umekwisha, kaka zangu waligawana kihamba, shamba la migomba alilotuachia baba, wakaniita niwashikie miche ya masale ya kupanda mpakani. Harufu ya udongo mbichi ikanirudisha Machame ya utotoni, majembe yakigonga mawe, mama akiwabebea wajomba, waliokuwa wakigawana kihamba cha babu, miche kama ile.

Siku ile wote walikuwa wametoka kupiga kura. Redio ilisema sasa sote ni sawa, nami nikadhani kila mwenye wino kidoleni atapata kipande.

“Mama, cha kwetu kiko wapi?”

“Mtoto wa kike hapewi kihamba. Shika miche.”

Safari hii mwanamke niliyempigia kura ameshinda. Kaka alinyoosha mkono bila kunitazama, nami, wino ukiwa haujafutika kidoleni, nikampa mche mwingine.