Mkono Ambao Simu Haikuuonyesha

Wifi yangu Shemsa hajui kusema uongo, ndiyo maana leo hana kazi wala usingizi.

Kabla ya kuolewa na kaka yangu na kuja kwetu Sparkhill, huku kwa Waingereza, alikaa Uhispania miaka tisa akipanga nyanya kwenye makasha. Kihispania alikiokota huko, pamoja na mikono yake. Wale wenyewe, aliniambia, husema nusu kwa mdomo na nusu kwa vidole. Ukisikia neno limevutwa, ujue mkono uko hewani. Mtu akisema "asiii", yaani "hivi", huku amekusanya ncha za vidole anavifungua na kuvifumba, maana yake tele, pomoni. Usipoviona vidole, hujaambiwa kitu.

Na mtu ajuaye yote hayo akaenda kuchukua kazi ya kuwatafsiria madaktari kwa simu! Nilimcheka siku ile ile.

Jumatatu asubuhi akaunganishwa na daktari wa mtaa wa Kingstanding aliyekuwa na bibi mmoja wa Kihispania, mgongo unamsumbua. Nilikuwa mezani kwake nachambua mchicha, simu iko kwenye spika. Daktari akauliza bibi amemeza vidonge vingapi vya maumivu. Sauti ya kizee ikajibu, "Asiii." Shemsa akasita. Wallahi nilimwona akisita. Daktari akamhimiza, naye akasema bibi amemeza kiasi.

"Si ungeuliza mkono umefanyaje?" nilimwambia simu ilipokatwa.

"Ah, wifi, daktari na bibi si wako rumu moja? Ana macho yule."

Macho anayo. Aliyejua kuusoma ule mkono alikuwa jikoni Sparkhill. Nilinyamaza, nikaendelea na mchicha wangu, na ninajichukia kwa hilo.

Ijumaa simu ikalia tena. Safari hii ni daktari wa hospitali, na mzee mmoja wa Kihispania analia. Shemsa alipolisikia jina la mgonjwa, akalitambua: ni yule bibi wa Jumatatu. Bibi amefariki alfajiri, vidonge vimelimaliza ini lake. Daktari anauliza, kwa nini hawakusema amemeza vingi?

"Alisema!" mzee akalia. "Nilikuwepo. Alisema asiii!"

Safari hii Shemsa akauliza. "Daktari, mzee anafanya nini kwa mkono?"

"Amekusanya vidole. Anavifungua, anavifumba. Haachi kuvifungua."

"Maana yake ni vingi," Shemsa akasema. "Mke wake alisema vingi. Mtafsiri wa Jumatatu nilikuwa mimi."

Kisha akarudi kwenye Kihispania, akamtafsiria mzee na hayo.