Sauti ya Ilham Kwenye Flashi za Gerishon

Kabura wa nyumba ya jirani ndiye aliyeleta maneno, akiwa ameinama kwenye mfereji wa ploti anasuuza soksi za shule. Alisema msichana wa Mzee Hussein, yule wa duka la vitambaa, amempatia Gerishon wa duka la sinema sauti yake aitumie kwa biashara, na kwamba bure haikuwa. Siku hizi kila flashi inayotoka kwa Gerishon, kabla sinema haijaanza, kuna msichana anaimba wimbo usio na maneno, halafu Gerishon anaingia na sauti yake nzito kutaja jina la duka na namba ya simu. Watu wa hapa Kimumu wameisikia, watu wa Cheptiret wameisikia, na shemeji yake Kabura ameikuta ndani ya hoteli moja huko Kapseret, wanaume wanakunywa chai na kuuliza ni nani huyo.

"Na vile anajifunika akipita hapa, huwezi dhani," Kabura alisema. "Mama Wanja, si wewe ndiye rafiki yake? Hata wewe hakukuambia?"

Warigia alikuwa anaanika nepi. Alijibu kwamba labda ni msichana mwingine, sauti hufanana. Kabura akapangusa mikono kwa leso, akatoa simu na kuufungulia wimbo pale pale.

Ilikuwa ni Ilham. Warigia aliijua sauti kabla pumzi ya kwanza haijaisha, vile ilivyopanda polepole, kama mtu anayepita kwa vidole asiamshe wengine. Halafu katikati ya wimbo mtoto akakohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. Kabura hakukitilia maanani. Warigia alibaki na kibanio mkononi, kwa maana mama hasahau kikohozi cha mtoto wake. Kile kilikuwa cha Wanja, na wimbo ule ulikuwa umetoka ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Ilham alikuwa na miaka ishirini na miwili. Tangu amalize kidato cha nne alisimama dukani kwa baba yake, akipima vitambaa na kuvikata kwa mkasi bila kupinda hata kidogo. Ukimwona pale hungejua kwamba kichwani amebeba hadithi za Wajapani kutoka mwanzo hadi mwisho, na nyimbo zake zote. Kila Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, baba yake alimpa ruhusa ya kwenda kwa benchi.

Benchi ilikuwa nje ya duka la Gerishon, ambako watu hupeleka flashi na memori kadi zijazwe sinema na nyimbo. Hapo ndipo walipokaa wapenzi wa anime: Wabuge wa bodaboda, Aketch anayesuka nywele, Vincent wa chuo, na Gerishon mwenyewe akichungulia dirishani huku kompyuta yake ikinakili. Ukiziita hizo hadithi katuni, walikurekebisha wote kwa pamoja. Walikuwa wamezipa majina yao wenyewe. Moja waliiita Fundi Saa, nyingine Treni ya Theluji. Na walikuwa na sheria moja: ukiangalia, huruki wimbo wa kufungua, hata kama umeusikia mara hamsini. Anayeruka alinunua njugu za wote.

Warigia alikwenda huko kwa sababu Ilham alimwalika, akakaa pembeni na Wanja mgongoni. Yeye aliishia darasa la nane, na yale maandishi ya chini yalikimbia kuliko macho yake. Lakini kusikiliza watu wakibishana juu ya kitu wanachokipenda kulimfurahisha kuliko kuangalia.

Wabuge alikuwa mtu wa ngoma. Alisema hakuna muziki duniani unaofikia ule wa Fundi Saa vita vikianza, kwamba yeye akiusikia hata pikipiki inaongeza mwendo yenyewe. Ilham alimwambia hizo ngoma ni za kumtisha mtu kabla hajaona cha kumtisha.

"Sikiliza ile piano," alisema. "Inalia tu wakati yule mama anadanganya. Hakuna mtu kwa hadithi anajua anadanganya, lakini muziki unajua. Rudia kutoka mwanzo utaona."

"Wewe unaangalia na masikio, dada," Wabuge akasema. "Sisi wengine tuko na macho tu."

Vincent naye hakuwahi kusamehe kwamba sizoni ya pili ya Treni ya Theluji ilipewa mtunzi mwingine. Alisema ni kama kurudi nyumbani ukute mama amebadilishwa na mtu amevaa nguo zake. Aketch alimwuliza kama huyo mama mpya anajua kupika. Lakini juu ya wimbo wa kufunga wa sizoni ya kwanza wote walikubaliana. Walijaribu kuuimba, wakaukosa, wakamgeukia Ilham, ambaye ilikuwa wazi anaujua. Kila wiki walimwomba, kila wiki Gerishon alipunguza spika dirishani ili wamsikie vizuri, na kila wiki alijibu hivyo hivyo: "Mimi huongea. Siimbi."

Warigia peke yake ndiye aliyeambiwa sababu. Mama yake Ilham, marehemu Maryam, alikuwa mwimbaji wa harusi, kule wanawake wanakokaa peke yao. Siku moja mtu aliingia na redio ndani ya kikapu akamrekodi. Kaseti ikauzwa mpaka Garissa, madereva wakaisikiliza barabarani, na wanaume wasiomjua wakawa wanamtania mumewe kwamba mkewe anawaimbia safarini. Maryam hakuimba tena mpaka alipofariki. Baada ya matanga Mzee Hussein hakumkataza binti yake anime wala benchi. Alimwomba neno moja: akiimba, aimbe mbele ya wanawake, na asikubali mtu kuichukua sauti yake. Ilham akakubali. Kwa neno hilo ndipo alipopewa Jumamosi zake.

Kwa Warigia aliimba. Alipotoka benchi alipitia hapo, akavua mtandio na kuutundika kwenye msumari wa mlango, akamchukua Wanja begani. Wakati wa mvua mtoto alikuwa na homa na kikohozi, hapati usingizi, na mume wa Warigia, Ng'ang'a, alikuwa kazini mbali. Ilham alitembea naye chumbani akiimba ule wimbo wa kufunga, bila maneno kwa sababu maneno yalikuwa ya Kijapani, na mtoto akalegea kama nguo iliyoloweka. Siku hiyo Warigia alibonyeza simu yake ndogo ya kabambe chini ya mto, akaurekodi wimbo. Alitaka tu awe nao siku ambazo Ilham hayupo. Alijua habari ya kaseti, lakini alijiambia kwamba kaseti ile ilichukuliwa na mtu wa kuuza, na yeye si mtu wa kuuza. Hakumwambia.

Wiki tatu baadaye alipeleka memori kadi kwa Gerishon ajaziwe nyimbo za watoto. Gerishon alimwambia kadi ina virusi, kwamba atanakili kila kitu kwenye kompyuta, aisafishe, kisha arudishe vitu vyake vyote kama vilivyokuwa. Warigia alishukuru, akarudi jioni kuichukua. Ndivyo wanavyofanya wote, na hakuwa amewahi kusikia mtu akikaa pale kulinda kadi yake.

Sasa alimfunga Wanja mgongoni akaenda huko. Ilikuwa saa tisa na nusu, Jumamosi, na Ilham hakuwa kwa benchi.

Waliokuwepo hawakumtania kama kawaida. Aketch alisogea kumpa nafasi lakini alikuwa amekunja uso. Wabuge ndiye aliyesema. Alisema miaka miwili wamekaa na Ilham, wamemwomba kama watu wanaomba mvua, akawaambia haimbi. Kumbe haimbi kwao. Akiitwa na tangazo, anaimba. Vincent alisema hata hakukasirikia kuimba, alikasirikia kudanganywa, na kwamba amemtoa kwa grupu ya simu, maana hakuona haja ya kusikia tena maoni ya mtu kama huyo juu ya muziki.

Warigia alifungua mdomo awaambie. Wote walikuwa wanamtazama. Akasema anamtafuta Gerishon, akaingia ndani.

Gerishon alikuwa anakula githeri mbele ya kompyuta. Hakukana. Alisema alipokuwa akisafisha kadi alikuta faili lisilo na jina, akalifungua kuona kama ndilo lenye virusi, na akasahau hata mteja aliyekuwa dirishani.

"Uliijua ni yeye," Warigia alisema.

"Niliijua."

"Na ulijua hataki."

Gerishon aliweka kijiko chini. "Mama Wanja, nimemwomba huyo msichana vizuri mpaka nimechoka. Sikutaja jina lake. Hakuna pahali nimeandika Ilham. Watu wanakuja hapa kila siku kuniuliza huo wimbo ni wa hadithi gani, na mimi ninawapa Treni ya Theluji, wanaenda kuangalia. Si hiyo ndiyo alikuwa anataka, watu waangalie?"

"Ungeniuliza mimi, basi."

"Na wewe ulimwuliza?"

Warigia aliikaza leso aliyombebea mtoto. Gerishon, ambaye hakuwa mtu mbaya wa kila siku, alishika kipanya na kulifuta faili mbele yake, akasema hatalitumia tena. Lakini zilizotoka zimetoka, alisema. Mtu mmoja hunakilia mwingine. Yeye mwenyewe hawezi kujua ziko wapi.

Warigia alipita kwa benchi bila kuaga. Aliwaza kwamba angeweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyejua habari ya kikohozi isipokuwa yeye, na Gerishon hangesema, kwa sababu kusema ni kukubali ameiba kwa kadi ya mteja, na nani tena angemwachia kadi. Maneno yangechacha wiki mbili tatu, Kabura angepata mengine. Alifika pale njia inapogawanyika, ya ploti na ya maduka, akasimama akimtikisa mtoto ambaye hakuwa analia. Kisha akashika ya maduka.

Mzee Hussein alikuwa amekwenda msikitini kwa swala ya alasiri. Ilham alikuwa peke yake, lakini mkasi haukuwa mbele yake. Baba yake, alieleza, hakumgombeza. Alimwuliza mara moja tu, naye akamwapia kwamba hajaimba mbele ya mwanaume yeyote wala hajampa mtu sauti yake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, na tangu siku hiyo anakata vitambaa mwenyewe. Hamwiti tena kuangalia wateja. Amempigia simu shangazi wa Wajir, na gari la mzigo litakalompeleka Ilham huko linaondoka Jumatatu.

"Kunifukuza hanifukuzi," Ilham alisema. "Anasema nikapumzike. Lakini haniamini, Mama Wanja. Ananiangalia kama mteja anayemjua kwa sura tu. Na mimi nimekaa hapa najiuliza ni nani alinirekodi. Nimewaza mpaka harusi ya mwaka jana, nimehesabu kila mwanamke aliyekaa kwa mkeka."

"Ni mimi," Warigia alisema.

Alimweleza yote akiwa amesimama. Mvua, homa, simu chini ya mto, kadi, virusi, kikohozi. Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kumwomba Ilham amnyamazishe. Ilham alimsikiliza akikunja kitambaa cha buluu, akikikunjua, akikikunja tena.

"Umesikiliza mara ngapi?" aliuliza.

"Kila siku. Wanja hulala nao."

"Mpaka jana?"

"Mpaka jana."

Ilham aliweka kitambaa kwenye rafu. Alikiweka mahali pasipo pake, kati ya vyekundu.

"Gerishon ni mtu wa duka," alisema. "Yeye nilimkatalia kwa sababu nilijua siku moja atajaribu. Kwako niliingia nikavua mtandio. Habari ya mama yangu, hata Idil binti ya mjomba hajui yote. Nilikuambia wewe."

Warigia alisema anajua. Alisema alidhani, akaanza kueleza alichodhani, akaona hakina maana akiwa mbele yake, akakiacha. Alisema atawaambia wale wa benchi ukweli, na Kabura pia. Ilham alitikisa kichwa. Wale wa benchi, alisema, wamemjua miaka miwili na hawakumwuliza hata swali moja kabla ya kumtoa. Hao wasubiri.

Nje, wanaume walianza kurudi kutoka msikitini wawili wawili. Wanja alinyoosha mkono kutoka mgongoni kumshika Ilham shavu, kama alivyozoea, na Ilham hakuukwepa mkono huo, ila hakumchukua mtoto. Alizunguka meza, akatoa stuli ya baba yake, akaiweka katikati ya duka ambapo anayeingia hawezi kupita asiione.

"Kaa hapo," alisema. "Aabo akirudi kutoka msikitini, umsalimie, halafu umwambie. Mimi nimeshaongea na hakuniamini. Na usianze na homa ya mtoto, Mama Wanja, tafadhali. Baba yangu ana huruma, ukianza na mtoto ataishia kukupa pole. Mwambie tu ulinirekodi na hukuniuliza."