Kibao cha Maman Kwenye Ukuta wa Kanisa Lililomnyamazisha

Mhariri wa ukurasa, naomba ulifiche jina langu na la kanisa pia, kwa sababu binti yangu bado anaimba humo. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Lubumbashi. Naishi hapa Brussels, Saint-Josse, na kazi yangu ni kutunza wazee. Tangu jambo hili litokee sijalia hata kidogo. Hata hasira sina. Nakula, naenda kazini, narudi.

Maman yangu alikuwa kati ya wanawake wa kwanza wa kwetu kurekodi nyimbo za Injili kwenye santuri. Ilikuwa kabla ya uhuru, akiwa msichana bado. Wako wazee hapa mjini ambao ukiwatajia jina lake wanaanza kuimba palepale, hata mkiwa ndani ya tramu. Tulipohamia Ubelgiji, yeye ndiye aliyeanzisha kwaya ya kanisa letu kule Koekelberg.

Baadaye papa, baba yetu, alileta mwanamke mwingine kutoka Zaire, akamweka chumba cha pili. Maman alikusanya nguo zake akaja kukaa kwangu. Mchungaji akamwita, nami nikamsindikiza.

"Maman, rudia kwa bwana yako, ao ushuke ku estrade," mchungaji alimwambia.

"Pasta, kule sitarudia."

"Bon. Donc utakaa nyuma. Na usiimbe, hata pamoja na bantu wengine. Sauti yako inajulikana, itavuruga kanisa."

Maman akashuka jukwaa la kwaya, akakaa nyuma. Kwaya iliimba nyimbo alizoitungia mwenyewe, naye anatazama viatu vyake. Nilimwomba tutafute kanisa lingine. Akanijibu, "Ile kwaya nilizaa miye. Niiache, niende wapi?" Na nyumbani pia aliacha kuimba. Sikumbuki ni lini, niligundua tu kwamba jikoni kumekuwa kimya. Alikaa hivyo miaka mingi, mpaka figo zikamshinda akafariki.

Mwaka huu mchungaji yuleyule alinipigia simu. Kanisa limemtengenezea maman kibao cha kumbukumbu cha shaba, nami kama mtoto wa kwanza nitavuta kitambaa kinachokifunika. Nikasema sawa. Nilipiga pasi kikwembe changu nikaenda. Mdogo wangu wa kiume alikuja na mke wake kutoka Uccle. Wakapiga santuri ya maman kwenye spika kubwa. Kwanza ilikwaruza, kisha ikatoka sauti ya msichana mdogo kuliko binti yangu. Watu wakalia. Mchungaji naye akatoa leso akafuta macho.

Nikavuta kitambaa. Kibao kimeandikwa jina lake, kwamba ni wa kwanza kati yetu kurekodi Injili, halafu mwishoni: aliimba katika nyumba hii mpaka mwisho wa maisha yake.

Nilisoma tena. Watu walipiga makofi, na mimi nikapiga. Halafu tulikula mikate na soseji.

Nilimvuta mdogo wangu pembeni nikamwambia kile kibao kinadanganya. Akasema, "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "unataka nini tena? Jina ya maman iko ku ukuta, mu shaba! Alors tukivunje mbele ya bantu?"

Nikamfuata mchungaji. "Pasta, ile maneno ya mwisho haiko ya kweli."

Akanishika mkono kwa upole. "Ma fille, ile mambo ilishaisha. Tulimusamehe maman yako kitambo."

"Mulimusamehe nini?"

Kuna mtu alimwita apigwe picha, akaniacha nimesimama.

Sasa amenipigia tena. Jumapili ijayo kuna ibada ya shukrani, na anataka nisimame nitoe ushuhuda jinsi maman alivyofurahi kuimba humo. Binti yangu alikuwa mdogo mno maman alipofariki, hajui lolote. Kila akiingia kanisani anakipangusa kile kibao kwa mkono wa blauzi yake, na anawaambia wenzake, "Huyu ni koko yangu," yaani bibi yake. Nikisema ukweli, sijui kama wataendelea kumpokea kwenye kwaya, na mdogo wangu ameshaniambia nisimjue tena. Nikisema wanavyotaka, basi na mimi nitakuwa nimemfunga maman kinywa, tena akiwa kaburini. Nikikataa kusimama, binti yangu ataniuliza sababu.

Watu wananiambia nimebarikiwa, nami naitikia amina. Ninyi mnaosoma ukurasa huu, hasa mliowahi kukalishwa nyuma, niambieni: Jumapili nikipewa mikrofoni, niseme nini?